Shajara ya mradi: kufufua "tanto en uno como en dos", mchezo wa dadu tatu wa mwaka 1283

Kazi iliyoandikwa hapa ni kuuchukua mchezo mfupi wa dadu wa Castilla (ufalme wa zamani katika Hispania ya leo) ya karne ya 13, kutengeneza dadu zake kwa mfupa, kuuhesabu na kuucheza mpaka tabia yake ijulikane. Kila ingizo limeongezwa hatua ilipokamilika. Mambo ya kawaida yamefupishwa. Palipokwama pamepewa nafasi zaidi, maana ndipo atakapokwama pia yeyote atakayerudia kazi hii.

12 Januari 2025: Mchezo wenyewe

Chanzo ni *Libro de los juegos*, kitabu cha michezo kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme Alfonso X wa Castilla na kukamilika Sevilla mwaka 1283. Mswada wake uko katika maktaba ya monasteri ya El Escorial, Hispania. Kinaanza na sataranji, kisha dadu, kisha michezo ya ubao inayochanganya dadu na kete. Mchezo tulioutaka umo katika sehemu ya dadu na maelezo yake ni mafupi. Jina lake, *tanto en uno como en dos*, ndiyo kanuni yake: kiasi kilekile katika moja kama katika mbili.

Unachezwa hivi. Kila mchezaji anaweka dau sawa na mwenzake. Kwanza hutupwa dadu za kuamua nani aanze, mtupo ambao kitabu hicho kinauita *batalla*. Aliyeshinda batalla anatupa dadu tatu. Ikiwa pointi za dadu moja ni sawa na jumla ya dadu mbili nyingine, ameshinda na anachukua dau. Ikiwa sivyo, dadu zinahamia kwa mwenzake, na wanaendelea kupokezana hadi mmoja apate mtupo wa namna hiyo.

Mfano: 6, 4, 2 ni ushindi, kwa kuwa 4 na 2 ni 6. Vilevile 5, 3, 2. Lakini 6, 5, 3 si ushindi, na 4, 4, 4 si ushindi.

Kuhusu dadu zenyewe, kitabu kinataka ziwe za mraba na za ukubwa mmoja, 6 ikitazamana na 1, 5 na 2, 4 na 3. Kinaruhusu mbao, jiwe, mfupa au metali, na kinasifu zaidi pembe ya ndovu. Pembe ya ndovu haimo katika mradi huu. Mfupa wa ng'ombe unatosha, na kihistoria ni nyenzo ya kawaida kabisa kwa dadu za Zama za Kati.

19 Januari 2025: Hesabu, na njia mbili zilizotupotosha

Swali la kwanza la vitendo ni hili: ushindi hutokea mara ngapi? Ukiwa wa nadra sana mchezo unachosha, na ukiwa wa mara kwa mara anayeanza anawaonea wenzake.

Njia ya kwanza ilikuwa kuorodhesha sura zote ambazo dadu tatu huweza kuonyesha bila kujali mpangilio. Zipo 56. Sura za ushindi ni tisa:

1‑1‑2, 1‑2‑3, 1‑3‑4, 2‑2‑4, 1‑4‑5, 2‑3‑5, 1‑5‑6, 2‑4‑6, 3‑3‑6.

Tisa kwa 56 ni karibu asilimia 16, yaani ushindi mmoja kwa kila mitupo sita na kidogo. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake ni la zamani sana. Sura 56 hazina uzito mmoja. Sura yenye tarakimu tatu tofauti, kama 1‑2‑3, hutokea kwa mpangilio wa aina 6. Yenye mbili zinazofanana, kama 1‑1‑2, kwa aina 3 tu. Na yenye tatu zinazofanana kwa aina 1. Jumla ya mipangilio ni 6 × 6 × 6, yaani 216. Shairi moja la Kilatini la karne hiyohiyo ya 13, lililosingiziwa Ovid, mshairi wa Roma ya kale, lilikuwa tayari limezitenganisha sura 56 na mipangilio 216, kwa hiyo ujuzi huo ulikuwepo Ulaya zama za kitabu hiki.

Hesabu sahihi basi: sura sita zenye tarakimu tofauti × 6 = 36; sura tatu zenye jozi × 3 = 9; jumla 45. Uwezekano wa ushindi kwa mtupo mmoja ni 45/216, au 5/24, ambayo ni asilimia 20.8. Kwa wastani mchezo unaisha baada ya mitupo 4.8.

Anayetaka kuhakiki kwa lahajedwali ajaze safu mlalo ya 2 hadi ya 217 hivi:

A: =INT((ROW()-2)/36)+1
B: =MOD(INT((ROW()-2)/6),6)+1
C: =MOD(ROW()-2,6)+1
D: =IF(2*MAX(A2:C2)=SUM(A2:C2),1,0)

Jumla ya safu D ni 45. Fomula ya D inabeba mbinu inayofaa hata mezani: dadu moja ikiwa sawa na jumla ya nyingine mbili, basi ni ile kubwa, na ni nusu ya pointi zote tatu. Kwa hiyo jumla ikiwa witiri, hakuna haja ya kuangalia zaidi. Nusu ya mitupo yote inaondoka kwa jicho moja.

Njia ya pili iliyopotosha ilitokana na kusoma jina la mchezo kwa ugumu kupita kiasi: kwamba "moja" ni dadu iliyotengwa tangu mwanzo, yenye alama yake, na mbili nyingine zifikie pointi za hiyo tu. Tuliipaka dadu moja rangi nyekundu tukajaribu. Ushindi unashuka hadi 15/216, asilimia 6.9, na wastani wa mchezo unapanda hadi mitupo 14.4. Zaidi ya mchezo mmoja katika kila kumi unavuka mitupo 30. Mezani hali ilikuwa mbaya kuliko namba zinavyoonyesha: dadu nyekundu ikitoa 1, mtupo umekufa papo hapo, kwa kuwa hakuna dadu mbili zenye jumla ya 1. Wachezaji waliacha kujumlisha wakawa wanatazama tu nyekundu. Kitabu hakisemi lolote kuhusu dadu yenye alama. Kinasema dadu ziwe sawa. Usomaji huo umeachwa, na kuanzia hapa dadu yoyote kati ya tatu inaweza kuwa ile "moja".

2 Februari 2025: Dadu za mbao

Seti ya kwanza ilikuwa ya mbao ngumu, milimita 12 kila upande, kwa ajili ya kujaribu kanuni mapema. Zinatengenezeka kwa mchana mmoja: kijiti cha mraba, msumeno wa meno madogo, msasa, keekee.

Hazikudumu. Mbao husinyaa na kuvimba kwa unyevu upande wa kukata nyuzi, lakini kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki. Mchemraba uliokuwa sawa siku ya kwanza ukawa mrefu kidogo kwa upande mmoja mbao ilipokauka, na kalipa (kifaa cha kupimia unene) ilionyesha tofauti ya milimita 0.2 kati ya mhimili wa nyuzi na mihimili mingine miwili. Dadu iliyorefuka hivyo hukaa kwa nadra zaidi juu ya ncha zake mbili. Kingo za upande wa nyuzi nazo zilianza kumeguka.

Zinafaa kwa mazoezi. Anayetaka kubaki na mbao aikaushe ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa kabla ya kukata vipimo vya mwisho.

23 Februari 2025: Dadu za mfupa

Hii ndiyo hatua iliyokula muda na nyenzo kuliko nyingine zote.

Mfupa unaofaa ni ule mnyoofu wa sehemu ya chini ya mguu wa ng'ombe. Una ukuta mnene na bapa kiasi kwa upande mmoja. Unene wa ukuta ndio unaoamua ukubwa wa dadu, na kwa mifupa tuliyopata haukuzidi milimita 9 za mfupa mgumu. Ndiyo maana dadu nyingi za mfupa za zamani ni ndogo hivyo.

Kusafisha: ondoa nyama na uboho, chemsha kwa moto mdogo pamoja na sabuni ya vyombo, badilisha maji mara mafuta yanapoelea, rudia hadi maji yabaki safi. Moto mkali unafanya mfupa upasuke na unayasukuma mafuta ndani. Mifupa miwili ya kwanza ilitolewa mapema. Wiki moja baadaye ikatoa madoa ya njano na kunata vidoleni. Kung'arisha hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, saa kadhaa tu. Usitumie dawa ya klorini, hata iliyozimuliwa. Inakula protini inayoshikilia mfupa, na uso unakuwa kama chaki unaomeguka kwenye kingo.

Kukata: bana mfupa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, toa ukanda mrefu wa upana wa milimita 10, ulainishe pande nne kwa tupa hadi uwe fimbo ya mraba ya milimita 9, ndipo ukate michemraba. Anayekata mchemraba mmoja mmoja moja kwa moja kutoka mfupani hapati pembe mraba. Vipande vinne viliharibika hivyo. Fimbo inakupa pande nne zilizonyooka kabla hujaanza kukata, na kinachobaki ni nyuso mbili tu za kusawazisha.

Kusawazisha: bandika msasa juu ya kioo, namba 120, kisha 240, kisha 400. Sukuma dadu kwa mwendo wa nane, igeuze robo duara kila baada ya miendo michache, vinginevyo upande ulio chini ya kidole unaliwa zaidi. Pima mihimili yote mitatu kwa kalipa. Lengo letu lilikuwa tofauti isiyozidi milimita 0.05, na linafikika kwa uvumilivu. Fanya kazi hii kwa maji. Vumbi la mfupa ni jepesi na linaingia mapafuni, kwa hiyo vaa barakoa hata kama umelowesha.

Vitone: hapa ndipo dadu tatu zilizokuwa zimekamilika ziliharibika. Ncha ya keekee huteleza juu ya mfupa uliong'arishwa na kuacha mkwaruzo usioondoka bila kupunguza uso mzima. Tiba ni kuchora nafasi kwa penseli, kugonga shimo dogo kwa sindano nene, halafu kutoboa kwa mkono, polepole, kwa ncha ya milimita 1.5 iliyofungwa utepe kama kizuizi cha kina. Kina cha milimita 0.6 kinatosha. Jaza kwa nta iliyochanganywa na masizi, kisha futa ziada kwa kitambaa.

Andika namba kwa penseli kwenye nyuso zote sita kabla ya kutoboa hata kitone kimoja, halafu jumlisha kila jozi zinazotazamana. Zote tatu zitoe 7. Ni ukaguzi wa sekunde chache, na dadu iliyotobolewa kimakosa hairekebishiki.

9 Machi 2025: Kupima usawa

Jaribio maarufu la kuelea katika maji ya chumvi halifanyi kazi hapa. Maji yaliyoshiba chumvi yana uzito wa takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Mfupa mgumu unakaribia gramu 2. Dadu zilizama moja kwa moja hadi chini. Jaribio hilo liachiwe plastiki nyepesi.

Kinachobaki ni kutupa na kuhesabu. Mitupo 600 kwa kila dadu, ili kila uso utarajiwe mara 100. Kwa kila uso chukua tofauti na 100, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 100, kisha jumlisha zote sita. Hii ndiyo kai-mraba. Jumla ikizidi 11.07, dadu inatiliwa shaka. Tupa kwenye kitambaa kinene juu ya meza, ikigonga ukingo, kutoka kwenye kikombe. Dadu ndogo ya milimita 9 inayotupwa kwa vidole huteleza badala ya kubiringika, na hapo unapima mkono wako wala si dadu.

Dadu mbili zilipita bila tatizo. Ya tatu ilitoa hivi:

1: 78
2: 101
3: 94
4: 104
5: 97
6: 126

Kai-mraba ni 12.22. Kwa kipimo hiki dadu halali moja katika kila ishirini hufeli kwa bahati tu, hivyo haifai kuitupa kwa jaribio moja. Lakini 6 nyingi na 1 chache kwa pamoja ni alama ya uzito, kwa sababu nyuso hizo zinatazamana: upande wa 6 ni mwepesi, unabaki juu.

Tulipoichunguza kwa lenzi, uso wa 6 ulikuwa na vinyweleo. Ulikuwa ndio uso uliotazama uboho, ambako mfupa mgumu unageuka kuwa sifongo. Msasa ulikuwa umeufunika kwa vumbi lake lenyewe na kuufanya uonekane laini. Vitone sita vilivyochimbwa upande huohuo viliupunguzia uzito zaidi.

Kuna tiba mbili. Kwanza, kwenye fimbo, kabla ya kukata: endelea kuchonga upande wa uboho hadi vinyweleo vyote vitoweke, hata kama fimbo itashuka kutoka milimita 9 hadi 8. Osha na kukausha kabla ya kuangalia, la sivyo vumbi litakudanganya tena. Pili, ukiwa bado na wasiwasi, weka 1 upande wa uboho na 6 upande wa nje. Vitone vinapunguza upande wa nje, sifongo lililobaki linapunguza upande wa ndani, na hitilafu mbili zinaelekea kusawazishana badala ya kujumlishana.

Dadu ya nne ilikatwa kwa utaratibu huo, milimita 8. Nyingine mbili zikapunguzwa zilingane nayo, vitone vikachimbwa upya na zikatupwa upya. Zote zikapita.

23 Machi 2025: Je, dadu mbovu ingeuharibu mchezo?

Kabla ya kuiweka kando ile dadu ya tatu, tuliuliza ingebadilisha nini hasa. Jibu ni la kufurahisha kuliko tulivyotegemea, na linafaa kusomwa polepole.

Shika dadu moja, acha mbili nyingine zikiwa halali. Ikiwa dadu uliyoshika inaonyesha 1, mipangilio mingapi kati ya 36 ya zile mbili inatoa ushindi? Dadu yenye 1 haiwezi kuwa kubwa, maana hakuna jumla ya 1. Inaweza kuwa ndogo: zile mbili zitofautiane kwa 1, na hilo hutokea kwa mipangilio 10. Kwa 2: mpangilio 1 ikiwa kubwa (1 na 1), na 8 ikiwa ndogo, jumla 9. Kwa 3: 2 na 6, jumla 8. Kwa 4: 3 na 4, jumla 7. Kwa 5: 4 na 2, jumla 6. Kwa 6: 5 tu.

Mfululizo ni 10, 9, 8, 7, 6, 5. Kila pointi ya ziada inapunguza njia moja. Hivyo uwezekano wote wa ushindi unategemea kitu kimoja tu kuhusu dadu hiyo, nacho ni wastani wake:

uwezekano = (11 − wastani) / 36

Dadu halali ina wastani wa 3.5, na 7.5/36 ni 5/24 ileile. Dadu yetu mbovu ina wastani wa 3.70, uwezekano unakuwa 7.3/36, asilimia 20.3. Mchezo unarefuka kutoka mitupo 4.8 hadi 4.9. Hakuna mchezaji atakayehisi.

Sasa rudi kwenye agizo la kitabu kwamba nyuso zinazotazamana zijumlike 7. Hitilafu ya kawaida zaidi ya dadu iliyochongwa kwa mkono ni mhimili mmoja kuwa mfupi, na dadu ya namna hiyo huzipendelea nyuso mbili za mhimili huo kwa usawa. Jozi hiyo ikiwa 6 na 1, au 5 na 2, au 4 na 3, wastani unabaki 3.5 kamili, na uwezekano wa ushindi haubadiliki hata chembe. Linganisha na dadu ambayo 5 na 6 zinatazamana: zikipendelewa hadi asilimia 20 kila moja na nyingine kubaki 15, wastani unapanda hadi 3.7. Mpangilio wa 7 unaufunga wastani mahali pake wakati mkono wa fundi umekosea. Ni kinga ya bure, na hakuna sababu ya kuiacha.

Tahadhari: kanuni hii ya wastani ni ya dadu moja mbovu kati ya tatu. Zikiwa mbovu mbili au zote, hesabu inabidi ifanywe upya kwa mipangilio 216 yenye uzito tofauti. Na kwa kuwa wachezaji wote wanatumia dadu zilezile, hitilafu haimpendelei mtu, inabadilisha kasi. Udanganyifu unaingia pale mchezaji anapobadilisha dadu kwa siri wakati wa zamu yake. Mfalme huyohuyo alikuwa na sheria za nyumba za kamari za mwaka 1276, na sheria hizo hazikunyamaza kuhusu udanganyifu wa dadu. Mezani, kikombe kimoja na dadu tatu zinazoonekana na wote wakati wote zinatosha.

6 Aprili 2025: Mezani

Batalla ilionekana mwanzoni kama desturi tu, na katika michezo ya majaribio tuliiruka: aliye karibu na kikombe alianza. Namba zinaonyesha kwa nini haifai. Anayeanza ana uwezekano wa 24/43, asilimia 55.8, wa pili ana 44.2. Hiyo ni pengo la pointi kumi na zaidi kwa kitu ambacho hakuna aliyekishindania. Batalla inaligawa pengo hilo kwa bahati sawa, na mchezo mzima, ukihesabu kuanzia batalla, unakuwa nusu kwa nusu.

Kwa wachezaji watatu pengo ni kubwa zaidi: 41.3, 32.7 na 25.9. Wa tatu akilipa dau sawa na wa kwanza bila batalla, anapoteza kwa uhakika kadiri muda unavyokwenda.

Namna ya kuifanya: kila mmoja anatupa dadu zote tatu, mwenye jumla kubwa anaanza. Tulijaribu kwa dadu moja ili kuharakisha, lakini sare hutokea mara moja kwa kila sita, na kurudia kunakula muda uliookolewa. Kwa dadu tatu sare ni asilimia 9.3 tu.

Mchezo unaofuata uanzwe na nani? Tulijaribu mshindi aanze. Inaleta misururu: aliyeshinda anaingia mchezo ujao akiwa na 55.8, na wachezaji wanaanza kuamini kuna mwenye mkono wa bahati. Kupokezana kuanza ni bora. Katika kila michezo miwili faida inajilipa yenyewe. Kwa watatu, zungusheni kwa michezo mitatu mitatu.

Kwa kasi: zaidi ya nusu ya michezo huisha ndani ya mitupo mitatu, na chini ya mmoja katika kila kumi huvuka mitupo kumi. Tuliongeza kanuni yetu, ambayo haimo kitabuni, kwamba kila anayekosa aongeze kokoto moja kwenye dau. Kokoto kumi kwa kila mchezaji zinatosha kwa wawili. Uwezekano wa kupita mitupo ishirini bila mshindi haufiki asilimia 1. Inachangamsha, ila iandikwe wazi kuwa ni nyongeza.

Makosa ya kusoma mtupo yalikuwa ya aina mbili. Moja ni kudhani jumla shufwa inatosha: 5, 4, 1 inatoa 10, nusu ni 5, na 5 ipo, basi ni ushindi, lakini 4, 4, 2 pia inatoa 10, na 5 haipo. Ya pili ni kukosa ushindi wa jozi, hasa 2‑2‑4, ambao macho huuona kama "mbili mbili tu". Jozi zinazoshinda ni tatu: 1‑1 na 2, 2‑2 na 4, 3‑3 na 6. Jozi ya 4, 5 au 6 haishindi kamwe. Kwa anayeanza kujifunza, sheria ya haraka ni: tafuta kubwa, jumlisha ndogo mbili, linganisha.

20 Aprili 2025: Gharama, na vipimo kwa anayerudia

Nyenzo ni za bei ndogo. Kilichogharimu ni vipande vilivyoharibika na muda. Mifupa miwili ilipotea kwa mafuta, vipande vinne kwa kukatwa bila fimbo, dadu tatu kwa keekee kuteleza, na moja kwa sifongo la uboho. Kwa utaratibu ulioandikwa hapa, mfupa mmoja mzuri unatoa fimbo mbili, na fimbo ya urefu wa milimita 60 inatoa dadu tano baada ya kuondoa upana wa msumeno. Chonga tano ili ubaki na tatu.

Orodha ya kukata: fimbo ya mraba ya milimita 8.5 baada ya kuondoa vinyweleo, michemraba ya 8.5 inayopunguzwa kwa msasa hadi 8.0, vitone vya kipenyo 1.5 na kina 0.6. Kingo zivunjwe kidogo tu kwa msasa namba 400, miendo miwili kwa kila ukingo; dadu yenye kingo za mviringo inabiringika muda mrefu na kudondoka mezani. Mitupo 600 ya kupima inakula kama saa moja kwa dadu, hivyo pima baada ya kutoboa lakini kabla ya kujaza nta: ikifeli kwa 6 kutokea mno, bado una nafasi ya kuongeza kina cha kitone cha 1 kidogo kidogo na kutupa tena.